Gari la Stima na Mita ya Mama

Mtu wa kisa hiki nimemtunga, kwa hiyo msimtafute Litein wala Silibwet. Mvua, mlima, barabara na stima vitakavyomkuta ni vya kweli, na mwenyeji yeyote wa Kericho na Bomet anavijua. Tutamwita Mwenye Gari, maana hilo ndilo jina alilolitaka.

Kwao ni Konoin, kaunti ya Bomet, upande wa Mogogosiek, ambako vishamba vya wenyeji vimebanana na mashamba makubwa ya kampuni za majani chai. Yeye hufanya kazi Nairobi. Ekari zake chache za majani chai zinatunzwa na mama yake, ambaye huamka kabla ya jogoo kuwasimamia wachumaji na kuhakikisha mzigo umefika kituoni kabla lori la kiwanda halijapita. Oktoba 2023 mambo mawili yalimkuta Mwenye Gari kwa pamoja. Lita ya petroli jijini ilipanda hadi shilingi 217.36, na bonasi ya majani chai ikaingia. Bonasi ya huku kwetu haijafikia ile ya Kirinyaga au Murang'a, na wakulima huilalamikia kila mwaka. Ya kwake isingenunua hata mlango mmoja wa gari alilolitamani. Lakini bonasi ina ushawishi wake. Ikishaingia, mtu huuona mkopo wa sacco kuwa jambo dogo.

Akaagiza krosova ya stima, ya fahari, iliyotumika Uingereza miaka minne. Usukani kulia kama sheria yetu inavyotaka, umri chini ya ile miaka minane inayoruhusiwa kwa magari yanayoingizwa nchini. Betri ya kilowati-saa 80, uzito wa tani mbili na nusu, paa la kioo tangu mbele hadi nyuma, na magurudumu ya inchi 20 yaliyovishwa tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Tangazo lilisema linakwenda kilomita 410 kwa chaji moja.

Tusimwonee. Hesabu aliyoipiga ilikuwa sahihi. Gari la petroli la ukubwa ule hula kama lita kumi kwa kilomita 100, yaani zaidi ya shilingi 2,100 kwa bei ya mwezi ule. La stima hula yuniti 22, yaani kilowati-saa 22, au zaidi kidogo. Mwaka huohuo, 2023, serikali ilikuwa imepitisha bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 usiku watu wakiwa wamelala. Hata kwa ile bei ya juu, kilomita 100 hazifikishi shilingi 400. Ghorofa anakoishi lilikuwa na chaja ya pamoja kwenye maegesho. Kwa majuma kadhaa alikwenda kazini na kurudi bila kunusa petroli, na ofisini hakuna aliyesalia bila kuonyeshwa hesabu ile.

Kasoro moja tu: ilipigiwa Nairobi, na mwenye kuipiga alikusudia kwenda nayo Konoin.

Desemba ikafika. Mdogo wake wa kiume alikuwa anaoa, na wazee wa ukoo walitakiwa kwenda kwa wakwe Jumanne ya tarehe 12, Sikukuu ya Jamhuri, kwa koito, mazungumzo ya mahari. Mwenye Gari alipiga simu nyumbani akawaambia wasihangaike kutafuta usafiri. Wazee watakwenda kwa gari lisilo na moshi wala kelele. Jumapili ya tarehe 10 akachaji betri mpaka pomoni, akashika njia ya Nakuru.

Zile kilomita 410 zinatoka wapi? Hupimwa ndani ya chumba, gari likizungusha magurudumu juu ya mitambo, joto likiwa nyuzi 23, mwendo wa wastani chini ya kilomita 50 kwa saa. Ndani ya chumba hicho hakuna mlima. Njia ya Kericho ni mlima mtupu: unatoka Nairobi, unapanda Limuru, unateremka Bonde la Ufa, kisha Nakuru ukiipita unaanza kuupanda Mau. Kati ya Nakuru na Mau Summit kuna tofauti ya zaidi ya mita 600 za kimo. Kuinua tani mbili na nusu mita 100 tu hudai karibu yuniti 0.7, kabla hujahesabu upepo, tairi wala taa. Mlima huo mmoja peke yake ulimla yuniti nne na ziada, stima ambayo kwenye tambarare ingempeleka kama kilomita 20. Na betri yenyewe, baada ya miaka minne Uingereza, haikuwa tena ile ya kiwandani. Betri za namna hii hupungua ujazo polepole, hata ukizitunza kama yai.

Sehemu fulani alirudishiwa. Magari haya yana sifa moja nzuri ambayo wengi hawaijui: yakiteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha stima betrini. Lakini mlima haurudishi vyote ulivyochukua. Alipoupita mji wa Kericho kioo kilimwonyesha asilimia 19, akazima kipasha joto, akapunguza mwendo mpaka matatu zikawa zinampigia honi. Kwenye ua wa mama yake, jioni, zilikuwa zimebaki asilimia tisa.

Majirani walikuja kuliona. Mama akampa maziwa ya mursik kwenye kikombe, naye kabla hajanywa akatoa waya wa kuchajia kwenye buti, akaupitisha dirishani mpaka kwenye soketi ya sebuleni, ile ya televisheni. Gari likawasha taa ya kijani. Papo hapo, mnamo saa mbili usiku, giza.

Wasomaji wengi wataukumbuka usiku huo. Ilikuwa mara ya tatu katika kipindi cha miezi minne stima kupotea karibu nchi nzima, baada ya Agosti 25 na Novemba 11. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliguswa. Mwenye Gari, akiwa amekaa gizani na kikombe chake, alitoa hotuba ndefu kuhusu serikali na gridi ya taifa, na hakuna aliyempinga. Binamu yake akaleta jenereta dogo la petroli. Wakaliwasha, wakachomeka waya, gari likakataa. Magari mengi ya stima huikagua kwanza stima yanayopewa, na ya jenereta kama lile, lisilounganishwa na ardhi, hayaipokei. Wapo waliocheka kimoyomoyo kuona petroli ikiletwa kuliokoa gari la stima, lakini mila hairuhusu kumcheka mwenye nyumba usoni.

Stima ikarudi. Jokofu la jirani likaanza kunguruma, balbu ya jikoni ikawaka, televisheni ikasema. Gari halikuchaji. Lilikuwa limewasha taa nyekundu na ujumbe ambao ukiufupisha unasema: soketi hii siiamini.

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Usiku ule wa giza ulimpa Mwenye Gari kisingizio kizuri mno. Mpaka leo ukimuuliza, ataanza na gridi ya taifa. Lakini kama nchi isingezima kamwe, bado asingewapeleka wazee kwa wakwe. Ile taa ya kijani aliyoiona jioni ilikuwa ya gari kuutambua waya tu. Kabla halijamaliza ukaguzi wake, stima ilipotea. Tatizo lilikuwa ndani ya kuta za nyumba aliyozaliwa, na lilikuwepo siku zote.

Jumatatu fundi hakupatikana, kwa sababu kila mtu alikuwa na kitu kilichoungua stima iliporudi kwa kishindo. Jumanne asubuhi wazee saba walijipanga ndani ya Probox ya jirani, gari ambalo katika kaunti hizi hubeba wanafunzi, mikungu ya ndizi, mbuzi na wagonjwa, mara nyingine kwa safari moja. Mwenye Gari alikaa kiti cha nyuma kabisa, kule kwa mizigo, na suti yake. Mahari ilizungumzwa vizuri. Mzee mmoja wa upande wa wakwe aliuliza kwa upole kama lile gari walilosikia habari zake liko njiani.

Fundi alikuja alasiri hiyo. Ni kijana aliyesomea chuo cha ufundi, anayezunguka kwa bodaboda na begi moja. Alipima soketi, akatoka nje akazunguka nyumba, akarudi.

“Mkubwa,” alisema, “hii nyumba ililetewa stima kwa ule mradi wa kuunganisha mashinani. Waya iliwekwa ya balbu, televisheni na simu. Na hapa nje hakuna chuma cha ardhini. Mahali pa kukipiga papo, lakini hakikupigwa.”

“Na mama amekaa hivyo miaka yote?”

“Wengi wamekaa hivyo, Mkubwa. Balbu haiulizi.”

Mradi alioutaja fundi ulizinduliwa 2015, na uliwafikia waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ulileta mwanga mahali ambapo mafuta ya taa yalikuwa yanakausha mapafu ya watoto, na sitaudharau. Lakini ulipimwa kwa mahitaji ya nyumba ndogo. Transfoma moja ndogo hugawiwa nyumba nyingi, na aliye mwisho wa laini hupata mabaki. Jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka. Fundi alipiga chuma cha shaba ardhini, akabadilisha soketi na waya wake, na gari likakubali. Likakubali kwa masharti. Saa za jioni lilipoona volti imezama, lilipunguza mvuto lenyewe mpaka likawa linakunywa kwa tone. Mchana, soketi ile ikiwa na nguvu zake zote, ilitoa kama kilowati 2.3. Piga hesabu: kuijaza betri kama ile kutoka mkiani ni zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, bila kukatika hata mara moja. Na ilikatika. Mara ya kwanza saa nane usiku, si kwa kosa la gridi. Tokeni za mama zilikwisha.

Kuhusu tokeni hizo, kuna jambo ambalo wenye magari ya stima wanaokwenda ushago hawalifikirii, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mama wa Mwenye Gari hutumia kama yuniti 20 kwa mwezi. Wateja wa nyumbani ambao wastani wao wa miezi mitatu hauzidi yuniti 30 wamewekewa bei ya chini kabisa. Ukizidi hapo unapanda daraja, na ukizidi 100 unapanda tena. Juma lile gari lilikunywa kama yuniti 80, ukijumlisha zinazopotea njiani kama joto. Desemba ya mama ikawa yuniti 100. Oktoba 20, Novemba 20, Desemba 100: wastani ni 46 na ushei. Kijana alimtumia pesa za tokeni, tena kwa ukarimu, akaona amemaliza deni. Hakujua kwamba amemtoa mamake kwenye daraja la wanyonge, na kwamba Desemba ile itaendelea kuhesabiwa kwenye wastani wake muda mrefu baada ya gari kuondoka.

Jumapili iliyofuata betri ilisoma asilimia 100. Furaha ikamzidi, akataka kumpeleka mama kanisani kwa fahari. Nyumba iko mgongoni mwa kilima, na kanisa ng'ambo ya bonde. Betri iliyojaa hadi juu haina pa kuweka stima ya mteremko. Ule uvutaji wa nyuma, ambao dereva huuzoea akaacha hata kutumia breki, hupungua sana. Akainua mguu kama alivyozoea Nairobi, na gari halikushika. Breki zilikuwepo na zilifanya kazi, lakini udongo mwekundu uliolowa mvua ya usiku hauna subira na mtu anayekanyaga kwa kushtuka. Tani mbili na nusu zikateleza kiasi cha hatua chache, na gurudumu la mbele likapanda ukingo wa jiwe. Tairi ikachanika ubavuni.

Spea haikuwepo. Magari mengi ya stima huuzwa bila tairi la akiba, kuokoa uzito na nafasi. Badala yake kuna kopo la povu la kuziba tundu, na povu haliwezi kitu kwa mpasuko wa ubavuni. Tairi ya inchi 20 ya kipimo kile haikuwepo Litein, Kapkatet wala Kericho. Ililetwa kutoka Nairobi kwa basi la mizigo, kwa bei ambayo ingenunua tairi zote nne za Probox na chenji ya mafuta. Hata hivyo alikuwa na bahati. Jiwe lilipita kando ya sakafu ya gari, ambako betri imelala yote. Uingereza kuna magari ya stima ambayo kampuni za bima ziliyafuta kabisa kwa sababu kifuniko cha betri kilikwaruzwa na hapakuwa na wa kuthibitisha kuwa ndani ni salama. Kama Uingereza hakuna, Mogogosiek atatoka wapi?

Gari likiwa limesimama kando ya njia likisubiri tairi, mvua ya mawe ikanyesha. Ukanda huu wa Kericho na Nandi umewahi kurekodiwa kuwa na zaidi ya siku 100 za mvua ya mawe kwa mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani. Katika miaka ya 1960 wakulima wakubwa wa majani chai walifikia hatua ya kutumia ndege kunyunyizia mawingu kemikali ili mawe yasianguke makubwa. Mwenye Gari, mzaliwa wa hapa, aliyekimbia mawe hayo akiwa na gunia kichwani tangu utoto, alinunua gari lenye paa la kioo. Kioo kilistahimili. Yeye alikuwa amelala juu yake na blanketi mbili na mkeka wa mama.

Wapo watakaosema basi magari ya stima si ya milimani. Siamini. Baridi yetu ya wastani ni rafiki wa betri. Joto kali ndilo huzichosha, na Kericho haina joto kali. Mito yetu inaporomoka mwaka mzima. Kampuni za majani chai zilizoingia hapa miaka ya 1920 zilijijengea mitambo ya stima kwenye mito hiyo, na viwanda vikakausha majani kwa miaka bila kungoja mtu wa Nairobi. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa na wamishonari 1937, ilianza 1987 kuzalisha stima yake kwenye maporomoko ya mto Nyangores. Ilitafuta maji kwanza, kisha ikaongeza mashine. Mwenye Gari alianza na mashine, ya bei ghali kuliko nyumba iliyotakiwa kuilisha, na akaja kuitafutia stima usiku wa Jumapili.

Alimuuliza fundi itagharimu nini kurekebisha. Fundi alitaka waya mnene wa shaba wa milimita 10 za mraba kutoka kwenye mita, chaja ya ukutani yenye mkondo wake, na kwanza kabisa barua kwa kampuni ya stima kuuliza kama transfoma ya kijiji itauhimili mzigo huo.

“Na ile bei ya shilingi nane?”

“Hiyo ina mita yake, Mkubwa. Na ni ya anayetumia kuanzia yuniti 200 kwa mwezi. Wewe unakuja mara ngapi?”

Anakuja Krismasi, Pasaka, na msiba ukitokea. Gharama yote hiyo ingekuwa ya siku kumi au kumi na tano kwa mwaka. Fundi hakumshauri lolote zaidi. Alikunja waya wake, akapokea pesa zake kwa simu, akaondoka.

Gari lilirudi Nairobi Desemba ileile, kwa mapumziko marefu ya kuchaji Nakuru, na huko limekuwa gari jema. Pasaka ya 2024, mwisho wa Machi, Mwenye Gari alishuka basi mjini Kericho akapanda Probox, watu watatu kiti cha mbele, mpaka Mogogosiek. Mama hakuuliza habari za gari. Katikati ya Aprili, Desemba ikiwa imetoka kwenye wastani wake wa miezi mitatu, alinunua tokeni kwa pesa zilezile za kila mwezi, akapata yuniti nyingi kuliko za Machi. Alimpigia mwanawe simu Nairobi kumuuliza kama serikali imepunguza bei.